Semina ya Kinaya Iliyohamishiwa Sabato

Jumatatu, 3 Juni 1996. Migori.

Mwalimu mkuu, Bwana Stanley Maroa, ametuita ofisini baada ya chai ya saa nne. Mimi na Phanice Nyatichi. Mkuu wa idara ya Kiswahili amestaafu, kiti ki wazi, na atakayekikalia atapewa ile nyumba ya mabati nyuma ya maktaba. Vyumba vitatu. Tangi la maji. Bwana Maroa akasema hataki lawama, kwa hiyo hatachagua yeye. Alhamisi tarehe 13 kuna semina ya walimu wa Kiswahili Homa Bay. Sote wawili tukazungumze. Atakayesifiwa na jopo la waamuzi ndiye mkuu wa idara. Mada: jinsi kinaya kinavyosaidia kukuza maudhui katika fasihi.

Nimetoka pale nikipanga mahali pa kuweka kabati.

Niandike ukweli, hii ni shajara yangu. Nyumba hiyo naitaka kuliko cheo. Chumba changu kimepakana ukuta na mashine ya kusaga mahindi. Inaanza kunguruma saa kumi na mbili asubuhi, na unga unaingia mpaka masikioni. Rispa, mke wangu, alikaa hapa wiki mbili, mtoto mdogo akakohoa wiki mbili, wakarudi kwa wazazi wangu Nyamira. Alisema siku nitakayopewa nyumba ya shule atakuja siku hiyo hiyo na sufuria zake zote. Huu ni mwaka wa pili sasa. Nimechoka kula githeri peke yangu kama kapera.

Lakini hakuna wasiwasi. Kinaya nimekifundisha miaka tisa. Phanice ana mitatu.

Jumanne, 4 Juni.

Nimepita chini ya dirisha la kidato cha tatu, kwa bahati tu, nikakaa hapo dakika ishirini. Phanice anafundisha kinaya kwa hadithi za sokoni. Wanafunzi wanacheka. Katika darasa langu hakuna anayecheka. Mimi nafundisha fasili, aina tatu za kinaya, wanakariri, kengele inalia. Hiyo ndiyo nidhamu.

Kipindi changu kilifuata. Msichana mmoja, Dorine, anayependa maswali kuliko chakula, akauliza kwa nini mwandishi asiseme tu kwamba tamaa ni mbaya, akamaliza, badala ya kuzunguka na kinaya. Nikamjibu kwamba kinaya kimo kwenye silabasi. Akaandika jibu hilo daftarini. Sikupenda alivyoliandika.

Nikakaa nikafikiri. Phanice anaweza kunishinda. Si kwa kujua, kwa kupendwa. Jopo ni watu, na watu hupenda kucheka.

Hapo ndipo wazo likaja, kijiko kikiwa mdomoni. Phanice ni Msabato. Si Msabato wa jina. Jumamosi hashiki chaki, hawashi jiko, hapandi gari kwa shughuli za kazi. Sasa, semina ikihamishwa kutoka Alhamisi hadi Jumamosi? Hakuna atakayesema nimemzuia. Atakuwa amejizuia mwenyewe.

Alhamisi, 6 Juni.

Nilimwambia Bwana Maroa jino linaniuma, nikaenda Homa Bay. Semina inaandaliwa na mwalimu mmoja wa huko, Bwana Javan, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Mkono mtupu haulambwi, basi nikamnunulia zawadi: gunia dogo la dagaa, omena ya Muhuru Bay, ile safi, isiyo na mchanga.

Nimefika kwake, nikakuta uwanja mzima umeanikwa omena. Mlangoni, omena. Juu ya paa la choo, omena. Ilibidi niruke ili nifike kwenye kiti. Javan akalitazama gunia langu, akanitazama mimi, akauliza, omera, ndugu yangu, huko Migori mmesikia ziwa letu limekauka?

Nikaingia kwenye jambo lenyewe. Nikasema walimu wengi wa Migori wamenituma, hawana raha, Alhamisi watoto watakosa masomo. Jumamosi ingefaa. Nilisema kwa uso wa huzuni. Javan akakuna kichwa. Akasema shida ya Jumamosi ni kwamba huku ndiyo siku ya kuzika. Waamuzi, mgeni wa heshima, hata mwenye funguo za ukumbi, wote watakuwa kwenye boma la mtu, na hakuna anayeondoka kabla hotuba hazijaisha. Nikamwambia mazishi hayawezi kupita saa saba. Akacheka mpaka akafuta macho. Akaniuliza kama nimewahi kuhudhuria mazishi ya Kijaluo. Nikasema sijawahi, lakini sisi Wakisii tunazika haraka. Mwishowe akasema haya, kama ni kwa ajili ya watoto, Jumamosi tarehe 15, saa nne asubuhi, tutaona.

Mkewe amenirudishia omena yangu na kuniongezea ya kwao. Nimerudi Migori na mzigo mkubwa kuliko niliokwenda nao. Chumba kinanuka ziwa na unga. Lakini nina furaha.

Ijumaa, 7 Juni.

Ujumbe umefika. Bwana Maroa ametangaza katika chumba cha walimu kwamba semina imesogezwa hadi Jumamosi. Phanice aliweka kalamu chini. Hakulia, hakulalamika, jambo lililoniudhi kidogo. Alisema siku hiyo hatakwenda, ila anaomba jina lake lisifutwe kwenye orodha. Wakristo hawa na matumaini yao. Nikamsogelea nikamfariji. Nikamwambia mipango ni ya Mungu.

Akanishukuru. Akasema angalau mimi na yeye tutakuwa pamoja kanisani siku hiyo.

Kuna jambo dogo sikuliandika Jumanne kwa sababu ya haraka. Mimi pia ni Msabato. Kanisa lile lile. Shemasi, kwa kweli.

Jumamosi, 8 Juni. Sabato.

Mzee Nyabuto, mzee wa kanisa letu, amesoma zamu za wiki ijayo. Huyu mzee hutengeneza baiskeli sokoni na hukumbuka kila kitu. Akasoma: Sabato ya tarehe 15, mwalimu wa lesoni ya Biblia, Ndugu Wesley Okari. Ndiye mimi. Somo: kuitunza siku ya Bwana bila kisingizio. Kanisa zima likasema amina. Na mimi nikasema, tena kwa nguvu kuliko wote, maana Phanice alikuwa amegeuka kunitazama.

Nimeshinda mchana nikiwaza. Sitakwenda kufanya kazi, nitakwenda kuzungumza. Hata lesoni ni kuzungumza. Tofauti ni mahali tu.

Jumatano, 12 Juni.

Tangu juzi nakohoa. Jumatatu nilikohoa vibaya, kama mbuzi. Jana afadhali. Leo kikohozi kimekomaa, hata mwenye mashine ya kusaga ameniletea tangawizi.

Mchana nimemfuata Mzee Nyabuto kwenye baiskeli zake. Nikamwambia nimetumwa hospitali ya Homa Bay, nitalazwa Ijumaa, sitaweza kufundisha lesoni. Kwa nini Homa Bay? Hapa ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Mtu akiniona Homa Bay na kuja kusema, hatakuwa amefichua kitu. Uongo wangu utakuwa umeshafika kabla yake. Najivunia sana jambo hilo.

Mzee aliacha spana, akanishika kwa mkono wenye grisi, akaanza kuniombea pale pale. Watu wakasimama. Aliomba kwa muda mrefu. Aliwataja watoto wangu kwa majina, na Rispa, na nyumba ninayoitafuta. Sijui nilimwambia lini habari za nyumba. Nikakohoa mara mbili katikati ya sala, isije ikaonekana naombewa bure. Halafu akauliza ni wodi gani. Nikasema ya wanaume.

Jumamosi, 15 Juni. Homa Bay.

Saa nane mchana. Semina ilikuwa ianze saa nne. Ukumbini tuko mimi na mlinzi. Makala yangu ina kurasa kumi na moja. Fasili peke yake, kurasa tatu. Mlinzi nimemsomea yote. Amesema ni ndefu.

Saa kumi. Wamekuja walimu sita. Waamuzi bado wako mazishini. Inasemekana marehemu alikuwa na marafiki wengi, na kila mmoja ana hotuba.

Jumapili, 16 Juni. Migori.

Niandike pole pole, nisiruke kitu.

Waamuzi walifika saa kumi na moja na nusu, wameshiba, viatu vina udongo mwekundu. Mgeni wa heshima alifika baada yao. Walimu watatu walitangulia. Mimi niliitwa saa kumi na mbili na robo, jua likiwa limeinama kwenye madirisha. Nikakohoa. Ilikuwa mazoea tu.

Nilikuwa ukurasa wa tatu. Nakumbuka sentensi yenyewe: kinaya ni hali ambapo mtu hufanya juhudi kupata jambo fulani, na juhudi zizo hizo zikamletea kinyume chake. Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mzee Nyabuto, suti yake ya kanisani, themosi mkononi. Nyuma yake akina mama wanne, na kwaya, na Phanice.

Kumbe kanisa lilichanga nauli. Baada ya ibada walikodi pikapu kuja kumtazama mgonjwa, maana kumtembelea mgonjwa siku ya Sabato si kazi, ni baraka. Phanice alikuwa amekataa gari la semina, lakini hili la mgonjwa alilipanda wa kwanza. Wamezunguka hospitali, wodi ya wanaume kitanda kwa kitanda, wakiuliza Ndugu Okari. Muuguzi mmoja akawaambia kuna walimu wamekutana ukumbini, huenda wao wanajua mwenzao amepelekwa wapi.

Walisimama nyuma. Mimi nikaendelea kusoma. Ningefanya nini? Nilisoma kurasa nane zilizobaki, macho kwenye karatasi, jasho likinidondokea. Hakuna aliyecheka. Sasa hivi ningetamani wangecheka. Nilipomaliza, mwamuzi mmoja akasema makala ina fasili nyingi lakini haina hata mfano mmoja kutoka maishani. Kisha Mzee Nyabuto akainua mkono, kwa adabu, kama mtoto wa shule, akauliza kama nimepona.

Hapo walicheka.

Javan alikuwa anatazama orodha. Akaona jina la Phanice, halijafutwa. Akauliza kama yupo aitwaye hivyo. Phanice akatazama dirishani. Jua limezama. Sabato imekwisha. Akasema yupo.

Hakuwa na karatasi hata moja! Mikono mitupu! Sikumsikia, kwa sababu Mzee Nyabuto alinitoa nje, akaniketisha ngazini, akanimiminia uji wa wimbi. Akasema akina mama waliupika Ijumaa kabla ya jua kuzama ili wasivunje Sabato, wakaulaza kwenye themosi tatu, na hauwezi kumwagwa. Nikanywa kikombe cha kwanza. Akamimina cha pili. Hakunikemea hata neno moja. Aliniangalia tu mpaka themosi zote zikaisha. Ndani walikuwa wanacheka, kisha kimya, kisha wanapiga makofi, makofi marefu. Nilipomuuliza Javan baadaye Phanice amesema nini, akajibu kwamba ametoa mfano mmoja tu, mzuri, na kila mtu aliuelewa.

Nimerudi Migori kwa pikapu yao. Hakukuwa na gari jingine. Nilikaa nyuma, kati ya wanakwaya. Hawakuimba.

Jumanne, 18 Juni.

Jopo limemsifu Phanice. Bwana Maroa ametangaza. Kesho anahamia.

Kuna lililo baya zaidi. Habari za ugonjwa wangu zilikuwa zimefika Nyamira, na huko zikaongezewa chumvi. Jana Rispa alishuka steji na kuku wa mama yangu kwapani, macho mekundu. Alidhani anakuja kunikuta kitandani, pengine pabaya zaidi. Amenikuta nakula omena. Akaketi. Ukuta ulikuwa unatetemeka, mashine iko kazini. Akauliza habari ya nyumba. Nikamweleza kwamba Javan ameniangusha, kwamba Wajaluo wanazika kwa muda mrefu mno, kwamba muuguzi mmoja hawezi kunyamaza. Alisikiliza yote. Akauliza kama nilikuwa mgonjwa au la. Nikamwambia swali hilo si rahisi.

Hakumchinja kuku. Aliondoka naye kwa gari la saa tisa. Nilimsindikiza mpaka steji, akapanda bila kugeuka, kuku akanitazama kupitia dirishani. Nilijisikia vibaya sana. Nimelia kidogo, na hapa chumbani ukilia unga unashika usoni.

Baraza la kanisa limekaa pia. Nimeondolewa ushemasi mpaka mwisho wa mwaka, nitakaa benchi la nyuma. Benchi lenyewe liko karibu na mlango. Lina hewa.

Nimechunguza kosa langu liko wapi. Nimeliona. Ningesema nimelazwa Kisumu.

Alhamisi, 20 Juni.

Nasahihisha insha za kidato cha tatu. Niliwapa ile ile mada ya semina, ili kazi yangu isipotee. Thelathini na nne wameandika fasili yangu, neno kwa neno. Mmoja hakuandika. Dorine, bila shaka.

Ameandika kisa. Wakulima wawili wa tumbaku huko Kehancha, majirani. Kuna shindano la jani bora. Mmoja anamwonea mwenzake wivu, basi anaenda kisirisiri kusogeza siku ya shindano hadi siku ambayo mwenzake hawezi kutoka, ana nadhiri. Ili naye apate nafasi ya kwenda, anadanganya ukoo kwamba anaenda kwa mganga mbali. Ukoo unamhurumia. Wanakodi gari la ng'ombe kumfuata na chakula, na ndani ya gari hilo yumo yule jirani. Nimecheka mpaka mwenye mashine akagonga ukuta. Hawa wakulima wa Kehancha!

Halafu ameongeza maelezo. Anasema mwandishi angetuambia tu kwamba hila ni mbaya, tungesahau kabla ya chakula cha mchana. Lakini tukimwona mwenye hila akimlipia adui yake nauli kwa uongo wake mwenyewe, hatusahau, kwa sababu sisi tunaona na yeye haoni. Maudhui, anasema, hukua katika nafasi hiyo, kati ya tunachokiona sisi na asichokiona yeye.

Nimempa nane kwa ishirini. Nimeandika kwa wino mwekundu: kisa kinachekesha lakini mhusika haaminiki. Hakuna mtu mzima anayeweza kuwa mpumbavu kiasi hiki bila kujijua.

Nilimuuliza kisa amekitoa wapi. Akainama, akasema, maishani, mwalimu. Uongo. Msichana huyu hajawahi kufika Kehancha.

Jumatatu, 24 Juni.

Mambo yanageuka. Julai kuna semina nyingine Homa Bay, ukumbi ule ule, waamuzi wale wale, mada ile ile kwa sababu wengi hawakusikia vizuri ya kwanza. Siku: Jumatano. Na kuna fununu kwamba shule moja ya huko inatafuta mkuu wa idara, na nyumba ipo. Ya matofali.

Nimekumbuka alivyosema yule mwamuzi. Makala yangu haina mfano. Sasa mfano ninao. Kisa cha Dorine nimekinakili usiku na mchana, kwa mwandiko wangu, mpaka maelezo ya mwisho. Jina lake sikuliandika. Juu nimeandika: na Wesley Okari. Rispa nimemwandikia barua kwamba aanze kufunga sufuria.

Limebaki jambo moja. Ruhusa ya kwenda hutolewa na mkuu wa idara. Nimempelekea Phanice makala leo, saa ya chai, walimu wote wakiwa wameketi. Aliisoma yote. Polepole. Alifika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akanitazama, si kwa ubaya, karibu kwa huruma, akauliza kwa sauti ya chini kama kweli nataka kukisoma kisa hiki mbele ya watu wale. Nikasema ndiyo. Akauliza kama si cha mtu mwingine.

Nikajua ni wivu. Nikasimama, nikamjibu kwa sauti, chumba kizima kisikie, kwamba kisa hiki ni changu, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho.

Akatia sahihi.